Kanisa la Fito na Udongo: Ziara ya Misheni ya Cataldo, Idaho

Kwa yeyote anayesafiri kwa gari kwenye barabara kuu ya I-90 kaskazini mwa jimbo la Idaho, nchini Marekani, kanisa la misheni ya Cataldo huonekana kabla hata ya kibao chake. Limejengwa juu ya kilima kidogo kando ya Mto Coeur d'Alene, lina nguzo sita mbele, na juu ya nguzo hizo limechongwa jua lenye miale. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni jengo la mawe lililoletwa kutoka Ulaya na kuwekwa hapo katikati ya misonobari. Ukweli ni kwamba ni nyumba ya fito na udongo, ya aina ile ile ambayo wengi wetu tulizaliwa ndani yake au tulilala ndani yake tulipokwenda kwa bibi wakati wa likizo. Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike tathmini hii, kwa sababu katika maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya kwenda, udongo ulitajwa kwa sentensi moja tu, kisha msomaji akaharakishwa kwenye altare.

Nimefika hapo mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda na kampuni moja ya utalii iliyotupakia kwenye basi asubuhi, ikatupa dakika 25 za kuona kanisa na makumbusho yake kwa pamoja, kisha ikatupeleka kutumia saa mbili nzima kwenye maduka ya zawadi ya mji mwingine. Niliondoka na picha nane na sikuwa nimeelewa chochote. Mara ya pili, mwezi wa Juni, nilikwenda kwa gari langu nikiwa na mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Muheza. Ninayoyaeleza hapa yanatokana na ziara hiyo ya pili, iliyochukua karibu saa nne, na ambayo nisingeielewa hata nusu yake kama mama asingekuwapo.

Kwanza ni vyema nieleze jengo lenyewe ni lipi. Ndilo jengo la kale kuliko yote yaliyosimama hadi leo katika jimbo la Idaho. Lilijengwa kati ya mwaka 1850 na 1853, wakati eneo hilo lilikuwa bado halijawa jimbo, reli ilikuwa haijafika, na walowezi wa Kizungu walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kupenya kuelekea magharibi. Wenye nchi walikuwa, na ni, watu wanaojiita Schitsu'umsh, ambao wafanyabiashara wa ngozi waliozungumza Kifaransa waliwabandika jina la Coeur d'Alene, yaani moyo wa msharasi, kwa kuwa waliwaona ni wagumu na wakali katika biashara. Kwa muuzaji anayejua thamani ya mali yake, mimi nalihesabu jina hilo kuwa sifa, hata kama waliolitoa hawakukusudia hivyo.

Schitsu'umsh wana simulizi ya kale ya kiongozi wao aliyeitwa Kunguru Azungukaye, ambaye miaka mingi kabla ya mmisionari yeyote kufika alitabiri kuja kwa watu waliovaa kanzu nyeusi. Mwaka 1842 Pierre-Jean De Smet, padre wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti kutoka Ubelgiji, alipita katika nchi yao, na kabla mwaka huo haujaisha wenzake walikuwa wameanzisha misheni kando ya Mto St. Joe. Mahali hapo palikuwa panafurika maji kila mara, hivyo mwaka 1846 misheni ilihamishiwa kwenye kilima hiki cha Mto Coeur d'Alene. Michoro ya kanisa ilichorwa na padre mwingine, Antonio Ravalli, mzaliwa wa Ferrara nchini Italia, ambaye alikuwa pia tabibu na mchonga sanamu.

Hapo ndipo maelezo ya kawaida huishia: Ravalli alichora, Ravalli alijenga, Ravalli alichonga. Kwamba alichora na kuchonga, hilo halina ubishi. Lakini ukuta wa kanisa unasema jambo jingine kuhusu nani alijenga, na unalisema waziwazi kwa mtu anayejua kuusoma.

Ndani ya kanisa, sehemu ya ukuta imeachwa wazi ili mgeni aone kilichomo chini ya mbao. Mimi, katika ziara yangu ya kwanza, niliipita sehemu hiyo nikidhani ni mahali palipoharibika pakisubiri kutengenezwa. Mama alisimama hapo kama aliyekutana na ndugu yake. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hii si imekandikwa? Tena kwa mkono. Huoni vidole?" Nikainama na mimi, na kweli, kwenye udongo uliokauka zaidi ya miaka 170 iliyopita kulikuwa na mifuo ya vidole vya watu, imepita kwa mshazari jinsi ambavyo kiganja hupita mtu anapobandika donge la udongo na kulisawazisha. Mama akaanza kunieleza ukuta ule kipande kwa kipande. Hizi ni nguzo, zimetobolewa matundu. Hizi fito zimepenyezwa ndani ya matundu kutoka nguzo hadi nguzo, kwa sababu hapakuwa na misumari ya kuzigongelea. Hizi ni nyasi, zimezungushwa kwenye fito ili udongo upate pa kushika. Kisha udongo wenyewe, ambao kwa maoni yake ulikandwa vizuri, maana ungekuwa mwepesi ungekwisha kupasuka na kudondoka.

Alikuwa sahihi karibu katika kila kitu, kama tulivyothibitisha baadaye kwenye makumbusho. Jengo zima liliunganishwa kwa vigingi vya mbao badala ya misumari. Vifaa vilikuwa shoka, keekee, kamba na kapi, kisu, na msumeno uliotengenezwa papo hapo kwa chuma kilichopatikana. Kwa vifaa hivyo Schitsu'umsh na Wajesuiti walisimamisha jengo lenye urefu wa karibu meta 27, upana wa meta 12 na kimo kinachokaribia meta 12, lenye kuta nene. Mawe ya msingi yalichimbwa kwenye vilima vya jirani na kukokotwa kwa nguvu za watu, na magogo ya misonobari hali kadhalika. Mama, ambaye amewahi kusimamia ujenzi wa nyumba mbili za namna hiyo, aliuliza swali ambalo sijaliona katika maelezo yoyote ya watalii: ni nani aliyekuwa akileta maji ya kukandia udongo wote ule? Mto uko chini, kanisa liko juu. Alikadiria safari za kupanda na kushuka, akatikisa kichwa, akasema kwamba waliobeba maji ndio waliojenga kanisa.

Sababu ya udongo huo kutoonekana kwa nje ni kwamba katika miaka ya 1860 kuta zilifunikwa kwa mbao, na hilo ndilo lililozinusuru na mvua na theluji. Sisi tunajua kinachoupata ukuta uliokandikwa ikiwa upenu ni mfupi na masika ni marefu. Hapa, ambako majira ya baridi huleta theluji ya miezi kadhaa, bila mbao hizo leo tungekuwa tunatazama kifusi.

Mapambo ya ndani yanastahili kutazamwa bila haraka, na sifa zake hazikutiwa chumvi. Taa zinazoning'inia darini zimetengenezwa kwa bati la makopo ya vyakula, likakatwa na kukunjwa kwa ustadi hata ukiwa chini huwezi kudhani kuwa lilikuwa kopo. Altare ni ya mbao za msonobari zilizopakwa rangi na kuchorwa mishipa ili zifanane na marumaru. Kuta zilipambwa kwa vitambaa vilivyonunuliwa kwenye kituo cha biashara cha kampuni ya Hudson's Bay na kwa karatasi za magazeti zilizochorwa maua kwa mkono. Sanamu za Bikira Maria na Mtakatifu Yohane zilichongwa na Ravalli kutoka kwenye gogo kwa kisu, na mikunjo ya nguo zake ina ulaini ambao sikuutegemea kwenye mti. Dari ina mbao zenye rangi ya buluu iliyofifia, na waongozaji husimulia kwamba rangi hiyo haikutoka kwenye kopo bali kwenye maji ya huckleberry, tunda dogo jeusi la mwituni ambalo watu wa huko hulichuma milimani kila kiangazi hadi leo. Sakafu ilikuwa wazi, bila mabenchi, kwa kuwa waumini walisali wakiwa wamesimama, wamepiga magoti au wameketi chini.

Ipo pia nyumba ya mapadri, jirani kabisa na kanisa, iliyojengwa baadaye. Ni safi na imetunzwa, lakini baada ya kanisa haimshiki mtu kwa muda mrefu.

Makumbusho yenyewe yamo katika kituo cha wageni chini ya kilima. Maonyesho yake makuu yanahusu kukutana kwa De Smet na watu wa asili wa Milima ya Rocky. Yalizunguka katika miji mbalimbali miaka ya 1990 kabla ya kupata makao ya kudumu hapa. Nilikuwa na wasiwasi kabla ya kuingia, kwa sababu nimezoea makumbusho za misheni zinazomweka mmisionari katikati na wenyeji pembeni, wakionekana kwenye picha za kundi bila majina. Hapa mpangilio ni tofauti. Maonyesho yanaanza na pande mbili zilizo sawa kwa uzito: upande mmoja dunia ya Ulaya iliyomlea De Smet, na upande wa pili dunia ya watu wa milimani, pamoja na vyakula vyao, nyimbo zao, mavazi yao ya ngozi yaliyodariziwa kwa shanga, na imani yao iliyokuwapo kabla ya kanzu nyeusi. Sauti za wazee husikika katika lugha zao. Unapofika mahali pande hizo mbili zinapokutana, tayari unajua kwamba hakuna aliyekuja mikono mitupu.

Wasomaji waliowahi kutembelea makumbusho ya misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, watatambua baadhi ya vitu kwa haraka: vyombo vya Misa vilivyosafiri kwa meli, vitabu vya katekisimu vilivyochorwa picha kwa ajili ya wasiojua kusoma, kanzu zilizochakaa. Tofauti kubwa ni kwamba Bagamoyo hadithi inaanza na watumwa waliokombolewa, watu waliokuwa wamekwisha kung'olewa makwao, ilhali Cataldo inaanza na watu waliokuwa kwao, kisha wakaondolewa.

Sehemu hiyo ya kuondolewa ndiyo iliyotuweka kimya. Mwaka 1858, baada ya mapigano kati ya makabila ya eneo hilo na jeshi la Marekani, Kanali George Wright aliwalazimisha Schitsu'umsh kutia sahihi mkataba, na ulitiwa sahihi papo hapo kwenye misheni, mwezi Septemba. Miaka michache iliyofuata barabara ya kijeshi iliyosimamiwa na John Mullan ilipita kando ya kilima, na wageni wakaongezeka. Serikali ilipochora mpaka wa eneo walilotengewa wenyeji, kanisa liliachwa nje ya mpaka. Mwaka 1877 misheni ilihamia kusini, mahali palipopewa jina la DeSmet, na waliokuwa wamekandika kuta zile wakaziacha nyuma. Mama aliposomewa maelezo hayo aliuliza mara mbili, akidhani nimekosea kutafsiri: "Yaani walijenga wao, halafu ramani ikawatoa?" Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa.

Kanisa halikubomolewa. Lilichakaa, likakarabatiwa kuelekea mwaka 1930, likatangazwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1961, na mwaka 1975 eneo lake likawa hifadhi ya jimbo. Lakini tarehe ninayoiona kuwa muhimu kuliko hizo ni mwaka 2001, wakati Jimbo Katoliki la Boise lilipokabidhi umiliki kwa kabila la Coeur d'Alene. Leo kabila ndilo lenye mali, na hifadhi za jimbo la Idaho zinashirikiana nalo katika uendeshaji. Kila tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, wanakabila hurudi kwenye kilima kuhiji, Misa huadhimishwa, na wazee hupata nafasi ya kuwaonyesha wajukuu mahali wahenga wao walipozikwa. Kanisa hili, kwa hiyo, bado lina watu wake, na mgeni anapaswa kuingia kama anavyoingia katika nyumba ya ibada: kofia mkononi, sauti ya chini, na simu imezimwa.

Kwa anayetaka kwenda, ushauri wangu mkuu unahusu mpangilio. Wageni wengi hupitia makumbusho kwanza kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na maegesho, kisha hupanda kilima wakiwa wamechoka kusoma. Mimi naona ni bora kupanda kanisani kwanza, kuutafuta ukuta ulio wazi kabla ya kuitazama altare, kisha kushuka makumbusho, halafu kupanda tena. Mara ya pili jengo linakuwa jingine. Tuliporudi jioni, jua likiingia kwa ubavuni, mifuo ya vidole ilionekana kwa kina zaidi kuliko asubuhi, na mama aliweza kunionyesha mahali ambapo, kwa maoni yake, mkono mmoja uliishia na mwingine ukaanza, mmoja ukiwa mdogo, wa mtoto au wa msichana.

Tenga saa tatu kwa uchache. Kutoka mji wa Spokane, katika jimbo jirani la Washington, ni mwendo wa saa moja hivi, na kutoka mji wa Coeur d'Alene ni kama nusu saa. Unatoka barabara kuu kwenye njia ya kutokea namba 39. Kuna ada ya gari la kuingia hifadhini, na maonyesho ya makumbusho yana kiingilio chake cha pembeni, ambacho ninakisisitiza kilipwe, maana asiyeingia makumbusho ataondoka na nusu ya habari, ile nusu ya Ravalli. Mzee mwenye matatizo ya magoti atahitaji kupanda polepole kwenye njia ya kilimani. Mama, mwenye umri wa miaka 71, alipumzika mara mbili na hakulalamika. Chakula ni vyema kubeba chenu. Sisi tulikula chapati na maharage kwenye meza za nje, tukitazama mto.

Kuhusu mto huo lipo jambo moja ambalo wenye watoto wadogo wanapaswa kulijua. Baada ya misheni kuhama, madini ya fedha, risasi na zinki yalichimbwa kwa wingi kwenye bonde la juu kwa takriban karne nzima, na mabaki ya migodi yalitiririka na maji hadi huku chini. Udongo wa kingo za mto una risasi, na tangu mwaka 1983 bonde hilo limo katika mpango wa serikali kuu wa kusafisha maeneo yenye sumu. Hata njia maarufu ya baiskeli inayopita jirani, yenye urefu wa karibu kilomita 117, ilitengenezwa kwa kuweka lami juu ya tuta la reli ya zamani ili kufunika uchafu wa migodi. Kwa sababu hiyo wageni wanaonywa wasiwaachie watoto kuchezea tope, wanawe mikono kabla ya kula, na wasiingize matope ya viatu majumbani.

Nilimweleza mama maonyo hayo tulipokuwa tunarudi garini. Alisimama, akaugeukia mto, akauliza kama huo ndio udongo uliokandikiwa kanisa. Nikamwambia ni bonde hilo hilo, ila wakati ule ulikuwa bado safi. Akaokota kijiti, akakwangua nyayo za viatu vyake kimoja baada ya kingine, kisha akaninyooshea mkono nimpe chupa ya maji.